Panya akiogelea, mgonjwa wa Cibitoke amepona?

JIONI, joto la Bujumbura likishapungua, barabara za Cibitoke hujaa watu kuliko mchana. Muuza ndagala yupo, muuza maandazi yupo, fundi viatu yupo, na siku hizi hakosekani muuza dawa za miti mwenye kipaza sauti begani. Zamani mtu huyu alikuwa akisema dawa yake aliachiwa na babu yake. Sasa wimbo umebadilika. Anasema imepimwa na wataalamu, kwamba panya walipewa wakachangamka, na kwa hiyo mtu mwenye mawazo mengi, asiyelala, asiye na hamu ya kula wala ya kuongea, akiinywa wiki mbili atasahau alikotoka.

Sina ugomvi na dawa za miti. Nimekulia Katumba, kule Mpanda nchini Tanzania, ambako foleni ya zahanati ilikuwa ndefu na mwarobaini ulikuwa uani. Ugomvi wangu ni na huyo panya. Tangu lini panya akawa shahidi wa ugonjwa wa huzuni, na nani aliyemhoji?

Ugonjwa wenyewe wengi wetu tunaujua hata kama hatukuwa na jina lake. Madaktari wa Tanzania wanauita sonona. Kwa Kirundi watu husema akabonge. Kambini tulisema tu kwamba fulani ana mawazo. Mtu aliyekuwa na ucheshi ananyamaza, anaamka saa nane za usiku na kukaa mlangoni, chakula hakimpiti, mtoto wake mwenyewe hamshughulishi tena. Waliokimbia mwaka 1972 waliubeba, waliokimbia mwaka 1993 waliubeba, na wa mwaka 2015 vilevile. Kurudi nyumbani nako hakukuuondoa. Mtu ametoka Mtabila kambi ilipofungwa mwaka 2012, amefika kijijini kwao akakuta shamba la baba yake lina nyumba ya mtu mwingine na kesi isiyokwisha. Huyo utampa kikombe cha nini?

Ndiyo maana biashara ya dawa ya mawazo haikosi wateja.

Karatasi ya Kiingereza

Jirani yangu mmoja, mama anayefanya biashara ya vitenge na vyombo vya plastiki kati ya hapa na Kigoma kupitia Mugina na Manyovu, alinijia na karatasi iliyofunikwa kwa plastiki ngumu kama kitambulisho. Alikuwa ameipewa na muuza dawa pamoja na kifuko cha unga wa mizizi. Mama huyo alikuwa na miezi kadhaa akitumia vidonge vya sonona alivyoandikiwa na daktari, na alikuwa ameanza kulala tena.

"Mwalimu, wewe umesoma Tanzania, Kiingereza unakijua," aliniambia. "Nisomee hii, kisha niambie kama vidonge vyangu niviache."

Hii ni kazi ambayo sisi abahungutse tuliosoma sekondari Tanzania tumejikuta nayo bila kuiomba. Mtaani wenzetu wana Kirundi na Kifaransa, sisi tuna Kiswahili na Kiingereza, na makala nyingi za sayansi zimeandikwa kwa Kiingereza. Kwa bahati somo langu ni biolojia. Nilisoma.

Karatasi haikuwa ya uongo. Ilikuwa ni muhtasari wa utafiti wa kweli uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la Journal of Ethnopharmacology na watafiti wa Denmark, Poland na Afrika Kusini. Walichukua mimea minne inayotumiwa na waganga wa Afrika Kusini kutibu huzuni, wakaichuja kwa spiriti, wakaipima kwenye chembe za ubongo maabarani na kwa panya wakubwa na wadogo. Mimea hiyo ni Agapanthus campanulatus, Boophone disticha, Mondia whitei na Xysmalobium undulatum. Ilionyesha dalili za kufanya kazi, mingine zaidi, mingine kidogo. Watafiti hawakusema imeponya mtu yeyote. Hakuna mtu aliyeinywa.

"Na hiki kifuko ni ipi katika hiyo minne?" mama akauliza.

Hapo ndipo tulipokwama wote wawili. Kifuko kilikuwa na maneno "dawa ya mawazo" na hakuna zaidi. Muuzaji alikuwa amemwambia ni mulondo kutoka Uganda. Mulondo ndilo jina la Mondia whitei huko Uganda, na magharibi mwa Kenya wanauita mukombero. Mfanyabiashara aliyefika Kampala au Kakamega atakuwa ameuona ukiuzwa na watu wakitafuna mzizi wake kutafuta hamu ya kula na nguvu za kiume. Mzizi wake mbichi una harufu tamu inayofanana na vanila. Ule unga haukuwa na harufu ya chochote isipokuwa vumbi.

Panya ndani ya maji

Ili kujua panya alichokisema, ni lazima kujua alichofanyiwa. Jaribio linalotumika zaidi lilielezwa na Roger Porsolt na wenzake mwaka 1977. Panya anatumbukizwa ndani ya chombo kirefu chenye maji, mahali asipoweza kupanda wala kugusa chini. Mwanzoni anahangaika kutafuta njia ya kutoka. Baada ya muda anaacha, anaelea tu, pua ikiwa juu ya maji. Mtafiti ameshika saa na kuhesabu sekunde alizokaa bila kuhangaika. Kwa panya mdogo, jaribio lote ni dakika sita, na kinachohesabiwa ni zile nne za mwisho. Panya aliyepewa dawa akihangaika muda mrefu zaidi kuliko asiyepewa, inaandikwa kwamba dawa inapambana na hali ya kukata tamaa. Lipo jaribio jingine la mwaka 1985 ambalo panya huning'inizwa kwa mkia, na hesabu ni ileile.

Wanafunzi wangu wa darasa la sayansi niliwaeleza jaribio hili, na kijana mmoja akauliza swali ambalo wataalamu wamelijadili kwa miaka mingi: je, panya anayeelea si ndiye mwenye akili? Amegundua kwamba hakuna njia, anatunza nguvu. Anayehangaika mpaka mwisho huenda ndiye mjinga. Sijui kama kijana huyo atakuwa mtafiti, lakini alipata alama zake.

Liko tatizo jingine la wazi zaidi. Kitu chochote kinachomchangamsha panya kitapunguza muda wake wa kuelea. Kafeini inafanya hivyo. Kwa kipimo hicho peke yake, kahawa yetu ya Ngozi nayo ingeitwa dawa ya sonona. Ndiyo sababu utafiti makini humweka panya yuleyule kwenye uwanja mkavu na kupima anavyotembea, ili ijulikane kama dawa imemwondolea huzuni au imempa tu miguu ya kukimbia. Utafiti usiokuwa na hatua hiyo ni wa kusoma kwa jicho moja.

Aidha, panya hupewa dawa mara chache tu, pengine ndani ya siku moja, kisha akapimwa. Dawa za sonona za hospitali huchukua wiki kadhaa kabla mgonjwa hajaona nafuu. Kwa hiyo hata dawa ya kweli, panya na binadamu hawaijibu kwa saa moja. Jaribio hili limeanza kukataliwa kwa sababu hizo na kwa sababu ya mateso yenyewe. Jimbo la New South Wales nchini Australia lilipiga marufuku mwaka 2024.

Nirudi kwenye mimea minne. Kati yake, Boophone disticha ni kitunguu cha porini kinachoota kuanzia Afrika Kusini hadi huku Afrika Mashariki, na ni sumu. Imeshaua watu, na wengine imewafanya waone vitu visivyokuwapo. Mmea huo huo una kemikali zinazoshika mahali palepale kwenye ubongo panaposhikwa na vidonge vya kisasa vya sonona. Yaani panya alisema kweli, na mtu angekufa. Kwenye karatasi ya plastiki ya yule muuzaji jina hilo lilikuwapo, mstari mmoja na mulondo, na hakuna onyo.

Nani ameshika saa?

Tuseme dawa haina sumu na panya wamepimwa vizuri. Linabaki swali la mkono ulioshika saa. Mtafiti anayejua kwamba panya huyu amepewa dawa na yule amepewa maji matupu, macho yake yataona anachotaka kuona. Sekunde mbili hapa, tatu pale. Dawa ni ya mti wa kwao, ameishughulikia miaka mitatu, shahada yake inaitegemea. Si lazima awe mwizi. Mwalimu yeyote anayesahihisha mtihani akiwa analiona jina la mtoto juu ya karatasi anajua ninachosema.

Kuna na suala la nani anaingia kundi gani. Ukiingiza mkono ndani ya tundu, panya wa kwanza kukamatwa ni yule mzito, mlegevu. Ukiwaweka hao kwenye kundi la maji matupu, na wale wepesi waliokukimbia ukawaweka kwenye kundi la dawa, umeshashinda kabla ya kuanza. Dawa ya jambo hili ni kura, kama tunavyogawa viwanja. Na mara nyingi makundi yenyewe ni ya panya sita sita, wote madume, ilhali sonona inawapata wanawake zaidi ya wanaume.

Msomaji asidhani nawasema watafiti wa Afrika au wa Uchina peke yao. Mwaka 2009 wataalamu wa Uingereza walipitia makala 271 za majaribio ya wanyama yaliyofanywa kwa fedha za umma Uingereza na Marekani, nchi zenye maabara za kila aina. Asilimia 87 hazikueleza kama wanyama waligawanywa kwa kura, na asilimia 86 hazikueleza kama mpimaji alifichwa asijue mnyama yupi amepewa nini. Kutokana na aibu hiyo ukatungwa mwaka 2010 mwongozo unaoitwa ARRIVE, wa mambo ambayo makala ya utafiti wa wanyama lazima iyataje, na ukafanyiwa marekebisho mwaka 2020. Kwa dawa za miti ungeongeza sharti la jina kamili la mmea, sehemu iliyotumika, mahali ulipochumwa, na tawi lake kuhifadhiwa ili mwingine aje kulilinganisha.

Sharti hilo la jina kwetu si dogo. Mali ikivuka mpaka mara mbili, jina lake hubadilika mara tatu. Mti una jina kwa Kirundi, una jingine kwa Kiha ukishuka Manyovu, ukifika Uvira una la Kifuliru, na wakati mwingine jina moja linabeba miti miwili tofauti. Mwaka 1989 Baerts na Lehmann walitoa kitabu cha waganga na mimea ya dawa ya safu ya milima ya Kongo na Nili hapa Burundi, chenye majina ya Kirundi yakiambatana na ya kisayansi. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayomwezesha mtu wa maabara kujua kwamba kile alichompa panya ndicho kile bibi anachochemsha. Tanzania nao walianzisha kitengo cha utafiti wa tiba asilia pale Muhimbili mwaka 1974, ambacho baadaye kikawa taasisi kamili.

Panya aliyeishi kama sisi

Wapo wataalamu walioona kwamba dakika sita za maji hazifanani na sonona ya mtu, wakatafuta jaribio refu zaidi. Miaka ya 1980 Paul Willner na wenzake waliweka panya kwenye usumbufu mdogo mdogo kwa wiki nyingi: matandiko yaliyoloweshwa maji, tundu lililoinamishwa, taa inayowaka usiku kucha, kunyimwa chakula kisha kupewa, kuwekwa na panya wageni, kuhamishwa bila taarifa. Baada ya muda panya anaacha kupenda hata maji ya sukari. Dawa nyingi za asili za Kichina zimepimwa kwa njia hii.

Nilipoisoma orodha hiyo mara ya kwanza nilicheka, na si cheko la furaha. Mtu yeyote aliyelala chini ya turubai mwezi wa nne huko Kigoma ataitambua moja baada ya nyingine. Hata hivyo, napenda jaribio hili kuliko lile la maji, kwa sababu angalau linachukua muda, na dawa nayo inapewa muda. Linachokosa ni yale ambayo panya hawezi kuwa nayo. Panya hana shamba lililochukuliwa. Hajui kaka yake alizikwa wapi.

Halafu kuna hesabu ya kipimo, ambayo muuza dawa haigusi kabisa. Katika makala hizi utakuta mara kwa mara miligramu 400 za dawa iliyochujwa kwa kila kilo ya panya mdogo. Ukizidisha tu kwa kilo 60 za mtu mzima utapata gramu 24, na hiyo si sahihi, maana mwili mdogo huchoma dawa haraka. Wataalamu hugawanya kwanza kwa takriban 12. Unabaki na miligramu kama 33 kwa kilo, yaani gramu mbili hivi kwa mtu huyo. Lakini gramu mbili za dawa iliyochujwa, si za unga. Ikiwa gramu kumi za mzizi hutoa gramu moja ya dawa, basi mtu anahitaji gramu 20 za mzizi mkavu. Kijiko kimoja cha chai asubuhi na jioni, kama alivyoelekezwa jirani yangu, kimetoka wapi? Hakikutoka kwa panya.

Ili nisionekane nawadharau wanyama, niseme kwamba mwaka 1987 kule Mahale, kando ya ziwa hili letu upande wa Kigoma, mtafiti Michael Huffman na mzee wa Kitongwe Mohamedi Seifu Kalunde walimwona sokwe jike mgonjwa, aliyepewa jina Chausiku, akimenya tawi la umubirizi na kufyonza maji yake machungu. Siku iliyofuata alikuwa na nafuu. Waliandika mwaka 1989 walichokiona, na baadaye mayai ya minyoo yakahesabiwa kwenye kinyesi cha sokwe wanaotumia mti huo. Huyo alikuwa mnyama mgonjwa kweli, aliyejichagulia dawa mwenyewe, na walioandika walitaja mmea, sehemu yake, saa na mahali. Umubirizi hautibu sonona, lakini ningependa karatasi za wauza dawa ziwe na nusu ya uangalifu ule.

Mti mmoja uliovuka

Upo mmea wa sonona uliotoka kwa panya ukafika kwa watu. Unaitwa Hypericum perforatum, wa Ulaya, na jamaa zake wenye maua ya njano wanaota kwenye milima yetu ya Afrika Mashariki. Mwaka 2008 yalijumlishwa majaribio 29 yenye wagonjwa 5,489, na ikaonekana kwamba dawa zake zilishinda vidonge vitupu na kukaribiana na dawa za kawaida za sonona. Kwa hiyo anayesema miti haiwezi kutibu sonona naye amekosea.

Lakini mti huo huo ulionyesha jambo ambalo panya wa kuogelea hakulisema. Mwaka 2000 ilichapishwa taarifa kwamba watu waliotumia Hypericum pamoja na indinavir, dawa ya VVU ya wakati huo, walipungukiwa na dawa hiyo mwilini kwa asilimia 57. Mmea unaliamsha ini lisafishe dawa nyingine haraka. Hudhoofisha pia vidonge vya uzazi wa mpango, na hata dolutegravir inayotumika sasa kwa VVU ina onyo juu yake. Panya wa maabara hatumii ARV. Mama wa Cibitoke huenda anatumia, na hatamwambia muuza dawa barabarani.

Sasa lipo jaribio la watu ambalo natamani lingejulikana zaidi upande wetu wa ziwa. Lilifanyika kusini mwa Uganda, wilaya za Masaka na Rakai, na kuchapishwa mwaka 2003. Watafiti walianza kwa kuuliza wanakijiji wenyewe huzuni yao wanaiitaje, wakapewa maneno ya Kiganda. Kisha vijiji 30 vikagawanywa kwa kura. Katika baadhi yake, wenye sonona walikutana kwa makundi mara moja kwa wiki, wiki 16, wakiongozwa na watu wa hukohuko waliofunzwa kwa muda mfupi, wakazungumzia misiba, ugomvi na maisha yaliyobadilika. Vingine havikupewa makundi. Kwenye vijiji vya makundi, wenye sonona walitoka asilimia 86 wakabaki 6.5.

Tazama sasa vijiji vingine, ambavyo havikupewa kitu. Huko walitoka asilimia 94 wakafika 54.7. Watu wengi kiasi hicho walipata nafuu bila kikombe wala kidonge. Muuza dawa angepita kwenye vijiji hivyo na kipaza sauti chake mwanzoni mwa zile wiki 16, angekusanya ushuhuda wa kujaza daftari.

Jirani yangu hakuviacha vidonge vyake. Kuviacha ghafla kungeweza kumrudishia usiku wa kukaa mlangoni, na zaidi ya hapo kumletea kizunguzungu na wasiwasi. Wenye hali kama yake wanaweza kwenda kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge, kinachosimamiwa na watawa wa Frères de la Charité. Kutoka Cibitoke hata kwa miguu unafika. Ukienda, beba kifuko cha dawa ya mti pamoja na vidonge vyote vilivyomo nyumbani, uviweke mezani mbele ya muuguzi, na umwambie umekunywa kiasi gani na tangu lini.